Barua ya wazi kwa waheshimiwa wa korosho na mpira: acheni kutuahidi, tuacheni tuchange wenyewe

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kama mweka hazina wa klabu moja ya mtaani huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara. Jina la klabu nalihifadhi na kata nayo naihifadhi, sio kwa uoga, ila najua nikitaja tu mtaanza kutafuta nani kasema badala ya kusoma alichosema, na huku kwetu wote tunajuana. Barua inawahusu wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, madiwani, maafisa michezo, viongozi wa chama cha mpira wilaya, wenyeviti wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) na wakubwa wa vyama vikuu vya ushirika, pamoja na yeyote ambaye amewahi kushika maiki kwenye harambee ya timu akasema "na mimi naahidi". Aliyeahidi akalipa asijisumbue kusoma, aende zake akanywe chai, tunamshukuru sana na Mungu amzidishie.

Kwanza mjue timu ya mtaani inakula nini, maana nyie mkisikia timu mnafikiria mpira na jezi basi. Klabu yetu ina timu ya wakubwa inayocheza ligi ya wilaya, ina chipukizi, na ina netiboli ya mabinti. Kabla hata filimbi haijapulizwa kuna ada ya kushiriki ligi, kuna usajili wa wachezaji na picha zao za pasipoti (kijana hana hela ya picha, analipa nani? klabu), kuna posho ya waamuzi na kamisaa, kuna chokaa ya kuchorea uwanja, nyavu, maji, glukosi, bandeji, na ile dawa ya kupuliza mguuni ambayo kwenye mechi moja ya ushindani inaisha kopo zima maana beki wetu wa kati kila akiguswa analala. Alafu kuna usafiri. Usafiri ndo unatumaliza. Mechi ya ugenini unakodi Noah mbili au unapanga vijana nyuma ya kirikuu, barabara zenyewe za mchanga mnazijua, gari likizama wachezaji wanashuka kusukuma, wakifika uwanjani miguu imeshachoka kabla ya kupasha. Tukifungwa mnasema timu haina nidhamu.

Na bado sijagusa majeruhi. Kijana akivunjika mguu uwanjani hakuna bima, hakuna gari la wagonjwa, kuna bodaboda na mtu wa kumshika kwa nyuma, na ikibidi apelekwe mpaka hospitali ya Ndanda kule Masasi ndo hapo mweka hazina unaanza kupiga simu moja moja, huyu elfu tano, yule elfu mbili, mpaka hela inatimia na wewe mwenyewe salio limekata.

Sasa tuje kwenye harambee, hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo penye donda.

Harambee yenyewe ina gharama, na hili watu hawalisemi. Ukimwita mgeni rasmi lazima kuwe na hema, viti vya plastiki vyenye vitambaa, spika, MC, jenereta endapo umeme utazingua, maji ya chupa, soda, pilau ya meza kuu, na ngoma ya kumpokea. Msafara wa mgeni unakuja na magari na kila gari lina watu na kila mtu anakula. Tulichangishana wenyewe kwanza ili tuweze kuandaa siku ya kuchangiwa, fikiria hapo. Mgeni akachelewa kama kawaida, akafika, akahutubia kuhusu michezo ni afya, michezo ni ajira, vijana muache bangi, alafu zikaanza ahadi. Wa kwanza laki tano, wa pili hakutaka kuonekana mdogo akasema milioni, mwingine akaahidi mifuko hamsini ya saruji kwa ajili ya uzio, mwingine tripu za kokoto, mwingine akasema yeye mabati ya vyumba vya kubadilishia nguo anamaliza peke yake, akinamama wakapiga vigelegele, MC kashika maiki anapiga kelele ahadi ni deni ahadi ni deni. Nikaandika yote kwenye daftari, jina, kiasi, sahihi. Kwa makaratasi siku ile tulikuwa klabu tajiri kuliko zote kusini.

Taslimu iliyoingia siku ile ilikuwa ya bibi muuza maandazi, fundi baiskeli, walimu wawili watatu, na vijana wa bodaboda kijiweni. Hao hawakuahidi, walitoa. Wengine wote mpaka leo ni "nipo kikaoni nitakupigia", "nipo Dodoma", "ongea na msaidizi wangu", na msaidizi ukimpigia anakwambia hana taarifa. Kuna mmoja nilikutana naye msibani nikamsalimia tu kwa heshima, shikamoo mzee, sijamdai chochote, akaniambia "lile jambo letu nalikumbuka" akahamia kiti kingine.

Sitaji mtu. Daftari ninalo.

Lakini hasira yangu kubwa wala haiko kwenye hela zenyewe, iko kwenye kitu ambacho ahadi inaharibu. Mkishaahidi milioni mbele ya kijiji kizima, mimi nikienda kesho yake kumwomba mkulima elfu moja ananiuliza, nyie si mmepewa mamilioni juzi? Na nyuma ya mgongo wangu wanasema mweka hazina kala. Kwahiyo ahadi yako mheshimiwa haijawa sifuri, imekuwa hasi, imeziba hata ile mifuko midogo ambayo ilikuwa inatoa. Bora usingekuja kabisa, tungekula pilau yetu wenyewe.

Alafu suala la tarehe. Harambee mnazipanga mwezi wa sita au wa saba, kwasababu ndo ratiba ya mgeni rasmi imekaa vizuri au kuna ziara inapita. Waheshimiwa, nyie mmekaa huku miaka, kweli hamjui mwezi wa sita mkulima wa korosho anakuwa katika hali gani? Wakati huo hela yake yote iko juu ya mkorosho. Ameshalipa vibarua wa palizi, anapuliza salfa, dawa ya mikorosho, hata kama salfa yenyewe ni ya ruzuku bado kuna mashine ya kukodi, petroli ya mashine, mtu wa kupuliza, na duru za kupuliza ni kadhaa sio moja. Nyumbani anakula kwa kukopa dukani, jina lake limejaa kwenye daftari la Mangi. Unamwambia achangie uzio wa uwanja, atakuangalia tu. Huyohuyo mtu umfuate mwezi wa kumi na moja, hela ya mnada imeingia benki, anaezeka bati, mtoto wake kanunua bodaboda mpya bado ina nailoni kwenye siti, ngoma zinalia kila kijiji, ukimwambia mzee timu yako inahitaji mpira anatoa elfu ishirini na hataki chenji na anakutukana kwa nini hukuja mapema. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 huku bei ilivuka 4,000 kwa kilo, nyie mliiona furaha ya watu siku ile. Hela ya mpira huku ipo. Ipo kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kwanza. Ligi ya wilaya nayo mnaiweka kiangazi wakati wa njaa ya mifuko, alafu mnashangaa timu zinawapa wapinzani ushindi wa mezani kwa kukosa nauli.

Kwa kuwa mwezi wa sita hatuna hela, ndo hapo wanakuja watu wa kangomba. Mnaijua kangomba, mkulima ana shida kabla ya msimu, mtu anakuja anainunua korosho ikiwa bado ua kwa bei ya kutupa, ikifika Oktoba mzigo wote wake. Mnaipiga vita kwenye korosho mpaka mnatumia polisi, sawa, lakini kwenye mpira ndo mnayotufanyia nyie. Mtu anayetaka udiwani anakuja na seti moja ya jezi zenye sura yake mgongoni na mipira miwili, mipira yenyewe ile ya kuvimba upande mmoja, anaanzisha kombe lenye jina lake, mshindi mbuzi, wa pili jezi. Kwa seti hiyo moja kanunua klabu nzima, tunatembea na sura yake misimu miwili mitatu, akipata hatumuoni, akikosa anatudai jezi zake. Kuna kijana wetu alifuliwa jezi na mama yake sura ya mheshimiwa ikabanduka nusu, sitasema ilibaki nusu gani.

Uwanja sasa. Uwanja wetu hauna uzio, mnajua, upande mmoja barabara, upande wa pili mikorosho, na watu wanakaa chini ya mikorosho kivulini wanaangalia bure kabisa na wanatukana kuliko waliolipa. Mechi kubwa tunazungushia kamba na magunia ya korosho tuliyoazima, kiingilio jero, watoto wanapita chini ya magunia. Hata hivyo mechi za ndondo za msimu, zile za Desemba, hela inapatikana, sio haba, watu wanajaa kutoka vijiji vya jirani. Wauza mihogo, karanga, aiskrimu, miwa, mama lishe, wanaolinda pikipiki, wote wanauza. Na wote wanatozwa ushuru maana mkusanya mapato anakuja na posi yake shingoni, anapita mmoja mmoja, risiti zinatoka trrr trrr. Sisi tuliofyeka uwanja asubuhi, tuliochora mistari, tulioleta timu zote mbili na refa, hatupati kitu katika hiyo. Nimewahi kuuliza nikaambiwa ni mapato ya ndani, yana utaratibu wake. Sipingi, ushuru ulipwe, lakini basi hata chokaa? Hata goli lile la upande wa kusini ambalo mtambaapanya umepinda kiasi kwamba kipa mrefu anachagua kona?

Na kwenye uwanja kuna jambo kubwa zaidi ya uzio. Uwanja hauna hati. Mji unakua, kila tukiona watu wenye vifaa vya kupimia ardhi wanapita tunapata presha, maana tumeona maeneo ya wazi sehemu nyingine yanavyogeuka fremu za maduka usiku na mchana. Klabu ikitaka kuomba ufadhili wa kujenga vyoo na uzio, swali la kwanza kwa mfadhili yeyote mwenye akili ni eneo ni la nani. Hatuna jibu. Mkitupimia uwanja na kuuandika kuwa ni wa michezo, kwa jina la kijiji au mtaa wala sio letu sisi, mtakuwa mmetuchangia kuliko harambee zote zilizowahi kufanyika wilaya hii na haitawagharimu hata soda moja.

Kuna watu watasema mbona kuna mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tulivoisikia mara ya kwanza, four-four-two, tukasema hii sasa imeletwa na kocha kabisa hii yetu. Tukaenda. Tukaambiwa timu ya mpira sio kikundi cha uzalishaji mali. Sawa, kisheria wana hoja, ule ni mkopo, hauna riba ila unarudishwa, na timu ya mtaani ukiikopesha itakulipa nini, makombe? Ila ndani ya timu hiyohiyo kuna vijana zaidi ya ishirini wanaoaminiana, wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia pamoja, vikundi vingapi vya mkopo vina hiyo? Wengi mnaowakopesha wanakutana siku ya kupiga picha tu. Afisa maendeleo ya jamii angekuja siku moja mazoezini akatufundisha namna ya kusajili vijana hao kama kikundi cha ufugaji kuku au mashine za kupuliza salfa, ambazo ndo biashara yenyewe hapa kiangazi, faida sehemu ikaenda kwenye timu, tungekuwa tumeshatoka hapa. Hatuhitaji semina ya hotelini. Aje mazoezini, tupo kila jioni.

Huko juu hela za michezo tunazisikia. Mwaka 2023 Rais Samia alianza kununua magoli ya Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, milioni 5 kwa goli, na sisi tulishangilia, tena mimi ni mtu wa Yanga kwahiyo nilishangilia sana. Goli moja la mama linatuendesha sisi misimu miwili tukiwa na adabu. Bajeti ya 2021/22 ilisema asilimia 5 ya mapato ya kubeti michezo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na kubeti huku ndo usiseme, kijana hana hela ya soksi ila mkeka wake wa leo una timu kumi na nne za Ulaya. AFCON 2027 inakuja nyumbani, sisi na Kenya na Uganda, viwanja vinajengwa, vizuri. Ninachouliza ni hizo hela zikitoka huko zinateremka mpaka ngazi gani? Maafisa michezo wetu tunaomba mtueleze kwa maandishi, klabu ya mtaani iliyosajiliwa inaweza kuomba nini, kwa nani, kwa fomu gani. Kama jibu ni haiwezi, tuambieni tu haiwezi, tutaacha kuota.

Kusini tumeshaonja ukubwa. Timu ya Ndanda walipanda Ligi Kuu 2014, uwanja wa Nangwanda Sijaona ukawa unajaa, watu wanatoka Tandahimba na Newala asubuhi kwenda kuangalia Simba na Yanga zikija Mtwara Kuchele, misimu sita alafu wakashuka 2020. Majirani zetu wa Lindi, Namungo kutoka Ruangwa, walipanda 2019, msimu uleule wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF wakafungwa na Simba 2-1, mwaka unaofuata wakacheza makundi ya Shirikisho Afrika. Ruangwa hiyo! Kwahiyo hakuna wa kutuambia wamakonde na wamwera mpira hawauwezi. Lakini hizo timu kubwa vijana wao wanatakiwa watoke kwetu, kwenye viwanja vya magunia, na hapa chini pakikauka watasajili kutoka Dar na Kigoma na Kongo mpaka lini?

Sasa nataka nini. Nataka jambo moja na mengine yote ni nyongeza. Timu za kata zipewe nafasi ya kuchangisha kwenye msimu wa korosho, kupitia AMCOS, kwa hiari ya mkulima, kwa risiti.

Najua neno makato likisikika mtu anashika panga, na mko sahihi wakulima wenzangu, na mimi nina mikorosho, nikiangalia ile karatasi ya malipo kuna chama kikuu, kuna AMCOS, kuna ghala, kuna magunia, kuna usafirishaji, mpaka ukifika chini unauliza kilo zangu zilikuwa ngapi kweli. Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani ziuzwe mnadani, ianze 2007 tumekatwa kwa majina mengi. Kwahiyo sisemi kukatwa. Nasema fomu. Mkulima akija kupeleka mzigo kuna fomu ndogo, anataka kuichangia timu ya kata yake anaandika shilingi ngapi kwa kilo anaweka sahihi, hataki anaipita, hakuna wa kumuuliza na jina lake halisomwi popote. Mwenye kilo mia tano akiandika shilingi tano kwa kilo ni elfu mbili na mia tano, ni bei ya soda na chapati zake, mwaka mzima hatumsumbui tena. Chukulia AMCOS inakusanya tani 500, na chukulia nusu ya mzigo tu ndo umeandikiwa hiyo shilingi tano, ni milioni moja na laki mbili na nusu. Hiyo ni ada, usajili, waamuzi na sehemu nzuri ya nauli ya msimu mzima, bila hema, bila MC, bila pilau ya meza kuu.

Na nyie wa halmashauri mpo kwenye hesabu hii. Ushuru wa mazao ni asilimia 3. Bei ikiwa 4,000 hapo kila kilo inawaletea shilingi 120, kwa hizo tani 500 ni milioni 60 kutoka AMCOS moja. Kisheria analipa mnunuzi, haya, ila sisi tunajua anapoweka bei yake mnadani hiyo 120 ameshaitoa kichwani. Katika milioni 60 tunaomba milioni moja irudi kwenye kata iliyolima ikiwa ni hela ya michezo, iandikwe kwenye bajeti yenu kwa jina lake, mstari wake, sio ile "michezo na utamaduni" ambayo tukifuatilia tunakuta imetumika kwenye suti za michezo za watumishi kwenda kwenye bonanza lao. Mkiweka milioni moja, wakulima wakaweka milioni na kitu, sisi tutaongeza ya kiingilio cha ndondo na hatutawaita tena kwenye harambee. Mtapumzika.

Kuhusu nani atashika hela, hilo swali mliulize na mimi ningeuliza. Akaunti ya benki ya klabu, watia sahihi watatu, mmoja wao asiwe kiongozi wa timu bali mkulima anayechaguliwa na mkutano mkuu wa AMCOS, na taarifa ya mapato na matumizi inabandikwa ghalani pale kwenye ubao wa bei za mnada, ambapo kila mtu lazima apite aone. Mimi daftari langu liko wazi, likabandikwe hata kesho, mpaka bandeji zimo. Na zile ahadi za harambee nazo zitabandikwa upande wa pili wa ubao kama hamna pingamizi, maana ni mapato yanayotarajiwa.

Nusu ya kinachopatikana iwe ya watoto na mabinti. Hili kwenye kamati yetu tumebishana mpaka usiku, wapo wanaosema timu ya wakubwa ndo inaleta watu, ndo inaingiza kiingilio, kwa nini netiboli ipate sawa nayo. Mimi nasema mabinti hawajawahi kudai nauli, wanatembea kwa miguu kwenda kucheza kijiji cha pili wakiwa wamebeba mpira mmoja kwenye kiroba, mpira wenyewe wa miguu maana wa netiboli hakuna, na mwaka jana wao ndo walioleta kombe. Wakubwa walileta kadi nyekundu tatu. Mwaka 2021 UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zilifanyika hapahapa Mtwara, watoto wa nchi nzima walikuja kucheza nyumbani kwetu, wa kwetu wengi waliangalia kwenye simu ya mjomba. Nusu kwa nusu, kamati imepitisha, kwa kura moja, na kura hiyo naijua ilikuwa ya nani.

Wenye maduka na kampuni zinazopita huku kununua, kubangua na kubeba korosho, nanyi karibuni, ila njooni mezani msimu ukiwa wazi sio kwenye kangomba. Jina lenu kifuani kwa mkataba wa kuandikwa, kiasi, muda, mwisho lini. Sura za watu hatuweki tena, hilo limeshapita.

Ligi nayo, chama cha mpira wilaya, tunaomba muangalie kalenda. Mkianza mwisho wa Oktoba mkamaliza Januari timu zitakuwa na nauli, watazamaji watakuwa na jero, hata waamuzi mtawalipa kwa wakati na wataacha kukopa chai kwa timu mwenyeji kabla ya mechi, jambo ambalo halipendezi na mnajua kwa nini. Najua mabingwa wa wilaya wanatakiwa wapatikane kuwahi ligi ya mkoa, kwahiyo mtabidi mkae na mkoa, kaeni. Mvua ya Desemba ipo, tutacheza kwenye tope, tumecheza kwenye mchanga wa magotini hatujafa.

Mikutano mikuu ya AMCOS inafanyika kabla ya mnada wa kwanza. Tunaomba dakika kumi kwenye ajenda, ikiwezekana kabla ya mengineyo, maana kwenye mengineyo watu wanakuwa wameshaondoka kufuata posho. Fomu tumeshachora mfano wake, imechapwa stationari ya pale stendi, nakala ziko kwa katibu wa klabu na moja nimeiacha ofisi ya kata tangu wiki iliyopita, iko chini ya ile kalenda ya ukutani, ukiinua utaiona. Atakayeona ina kasoro aisahihishe kwa kalamu nyekundu airudishe kabla ya Septemba kuisha.

Na mheshimiwa wa mabati, hatuhitaji yote. Kumi tu, yale ya geji 30, chumba cha mabinti kwanza.

Wenu mtiifu,
Mweka hazina